Shabiki alipewa hundi, mchezaji alikatazwa hata senti

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa michezo mlitoa picha kubwa ya vijana waliojipaka rangi ya buluu uso mzima, mabango juu, vinywa wazi, na chini yake mkaeleza kwamba hao ni mashabiki wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu nchini Marekani, ambako siku hizi wachezaji wanalipwa. Sina ugomvi na picha. Lakini mimi ninaishi Lexington, Kentucky, riziki yangu ni ufagio na mfuko wa taka ndani ya ukumbi wa mchezo huo huo, na tangu picha ile ianze kuzunguka kwenye simu za ndugu zangu sina raha kwa ujumbe. "Dada, mwanangu ana urefu wa mlango, hebu muunganishe huko." Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Jambo la kwanza ambalo maelezo yenu hayakulitaja ni kwamba picha ya namna ile hupigwa asubuhi, mechi ikiwa bado saa nyingi. Hakuna mpira unaodunda wala mwamuzi mwenye filimbi. Vijana wale wanashangilia meza.

Ndiyo, meza. Kipindi kinaitwa College GameDay, cha televisheni ya ESPN. Kilianza mwaka 1987 kwa ajili ya futiboli ya Kimarekani, kikarushwa kutoka studio hadi mwaka 1993, walipoamua kuibeba meza yao na kuipeleka kwenye chuo chenye mechi. Ndugu yake wa kikapu alizaliwa Januari 2005. Kila Jumamosi, msimu unapokolea kuanzia Januari hadi Machi inapoingia, wanachagua chuo kimoja chenye mechi nzito siku hiyo, wanafunga safari na malori yao, kisha wanakaa kuijadili mechi ndani ya ukumbi ule ule itakamochezwa. Mechi yenyewe kwa kawaida inarushwa na ESPN hao hao, kwa hiyo kipindi cha asubuhi ni kujipigia debe. Miaka ya mwanzo walikuwa wakirudi hewani tena saa mbili usiku, mechi ikifuata saa tatu. Wale wa futiboli hukaa nje kwenye nyasi na upepo. Hawa wa kikapu huingia ndani, na sisi tunaofagia tunaijua maana yake: uwanja mmoja unachafuka mara mbili kwa siku moja.

Malori hufika kabla ya siku yenyewe. Mafundi wanatandaza nyaya nene, wanazibandika sakafuni kwa utepe asije mtu akajikwaa, wanapandisha taa, wanazifunika mbao za uwanja pale jukwaa litakaposimama, maana sakafu ile ikikwaruzwa mtu anaweza kupoteza kazi. Milango inafunguliwa kukiwa bado giza. Nje wanafunzi wamejipanga kwenye baridi ya Januari, barafu imeganda kwenye ngazi, na bado utamkuta aliyevaa jezi isiyo na mikono juu ya rangi aliyojipaka. Walinzi wanayasoma mabango moja moja mlangoni. Yenye matusi yanazuiwa, na yanaishia kwenye mifuko yetu. Nimecheka peke yangu mara nyingi nikiyakunja, mengine yana akili kweli kweli. Bendi inapiga, washangiliaji wanarushwa juu, mtu aliyevaa vazi la paka-mwitu anaruka huku na huko, maana timu ya hapa inaitwa Wildcats, paka-mwitu, na ukumbi mzima unaitamka kwa kifupi, herufi kwa herufi: C, A, T, S. Kuna bwana mwenye kipaza sauti ambaye ninyi mlio nyumbani hamumwoni. Kazi yake ni kuwapasha watu moto na kuwaambia lini wapige kelele. Taa nyekundu ya kamera ikiwaka, wanalipuka. Ikizimika, nusu yao wanarudi kwenye simu zao.

Msidhani nadharau. Rupp Arena ya hapa kwetu, ukumbi wa timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky, iliyofunguliwa mwaka 1976 na kupewa jina la kocha Adolph Rupp, Februari 2010 iliingiza watu 22,144 kwa ajili ya kipindi hicho cha asubuhi, timu ya chuo cha Tennessee ikiwa ndiyo wageni wa usiku. Duke ni chuo chenye jina kubwa duniani kote, lakini Cameron Indoor Stadium, ukumbi wao uliojengwa mwaka 1940, unachukua watu 9,314 tu siku ya mechi yenyewe. Kentucky wangejaza Cameron mbili na wengine wakabaki nje, kwa kusikiliza mazungumzo!

(Ninyi wa magazeti mtapenda hili. Kule chuo cha Kansas, wachezaji wageni wanapotambulishwa, wanafunzi hufungua gazeti na kujifanya wanalisoma, hawana habari na mtu. Timu yao ikitajwa, wanalichanachana na kulirusha juu. Angalau kuna mahali vijana bado wanalishika gazeti mkononi. Nawaonea huruma wafagiaji wa huko.)

Mezani wamepita wengi. Rece Davis ndiye anayeshika hatamu kwa miaka mingi sasa. Digger Phelps, aliyekuwa kocha wa chuo cha Notre Dame, alijulikana kwa kalamu ya kukolezea maandishi aliyoilinganisha na rangi ya tai yake, na hakuona haya kusimama acheze na washangiliaji. Hubert Davis aliondoka mezani mwaka 2012 akawa kocha msaidizi North Carolina, alikowahi kucheza, na mwaka 2022 tayari alikuwa kocha mkuu aliyeipeleka timu hiyo fainali. Siku hizi yupo Andraya Carter, aliyechezea timu ya wanawake ya Tennessee. Na yupo Jay Bilas, ambaye nitarudi kwake, kwa sababu bila yeye barua hii ingekuwa ya lawama tupu.

Sasa nije kwenye lile linalonikera. Katika kipindi hicho kuna desturi ya kumchukua mwanafunzi mmoja kutoka jukwaani, kumsimamisha kwenye mstari wa katikati ya uwanja na kumpa mpira. Kampuni ya bima ya State Farm ndiyo iliyokuwa ikidhamini. Akirusha ukaingia, anaondoka na hundi ya maelfu ya dola. Ukumbi unashikilia pumzi, mpira unakwenda, mara nyingi unagonga mahali pa ajabu, watu wanacheka. Siku ukiingia, watu wanamvamia, wachambuzi wanaacha meza na kukimbia uwanjani, na picha zinarudiwa wiki nzima. Burudani nzuri, mtoto wa watu kapata ada.

Lakini fikiria ni sakafu gani ile. Kuanzia kipindi kilipoanza mwaka 2005 hadi katikati ya mwaka 2021, wachezaji ambao usiku ule wangeitokea jasho sakafu hiyo, wale ambao kwa ajili yao malori yalikuja na foleni ikapangwa kwenye barafu, walikatazwa kupokea malipo yoyote yanayotokana na jina lao au kipaji chao, nje ya ufadhili wa masomo. Kama mmoja wao angetoka chumba cha kubadilishia nguo, akasimama kwenye mstari ule ule, akarusha mpira ule ule na kuchukua hundi ile ile, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kingemfungia. Mwanafunzi asiyejua kurusha aliruhusiwa kulipwa kwa kurusha. Anayejua alikatazwa. Na hayo yalionyeshwa mubashara kila Jumamosi, bila mtu kuona aibu.

Msiniambie fedha hazikuwapo. Mwaka 2010 kampuni za televisheni za CBS na Turner zilisaini na NCAA mkataba wa miaka 14 wa dola bilioni 10.8 kwa mashindano ya Machi ya wanaume peke yake. Mwaka 2019 John Calipari, aliyekuwa kocha wa hapa Kentucky wakati huo, alipewa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 86. Upande wa mchezaji, sheria zilifika hadi kwenye sahani: kulikuwa na wakati chuo kiliruhusiwa kumpa mchezaji kitafunwa cha matunda, karanga na mkate wa bagel, ila mkate usipakwe kitu. Aprili 2014 UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, iliifunga Kentucky 60 kwa 54 kwenye fainali, mji huu ukanuna wiki nzima, na nahodha wa UConn, Shabazz Napier, alikuwa ameshawaeleza waandishi kwamba kuna usiku analala na njaa. Baada ya siku chache tu NCAA ikaruhusu vyuo kuwapa wachezaji chakula bila kikomo. Mchezaji bora wa fainali, kijana anayetazamwa na mamilioni, ndipo wakakumbuka kwamba huwa anakula.

Basi huyu Bilas. Alichezea Duke miaka ya themanini, akasomea sheria hapo hapo Duke, na ni mwanasheria kweli, si wa kujiita. Agosti 2013 aliingia kwenye duka la mtandaoni la NCAA, akaandika majina ya wachezaji maarufu wa futiboli ya vyuo kwenye kisanduku cha kutafutia. Johnny Manziel, ikaja jezi yake. Jadeveon Clowney, ikaja jezi yake. Jezi zenyewe hazikuwa na majina mgongoni, kwa sababu NCAA ilikuwa ikidai haiuzi mchezaji, inauza namba tu. Akaweka picha hizo kwenye Twitter watu wote waone. Haikupita wiki, NCAA ikatangaza kuacha biashara hiyo dukani mwake. Mtu anakaa kwenye meza inayonufaika na mchezo huo, analipwa nao, na bado anaifunua siri yake hadharani. Ninapofagia chini ya kiti chake huwa nafagia vizuri zaidi.

Tarehe 21 Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji tisa wote kwa kauli moja, iliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston kuhusu mafao ya kimasomo ya wachezaji. Siku kumi baadaye, Julai mosi, mlango ukafunguliwa: mchezaji akaruhusiwa kuuza jina na sura yake, kutokea kwenye matangazo, kusaini jezi kwa malipo. Juni 2025 jaji Claudia Wilken akaidhinisha maridhiano ambayo sasa yanaviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Vichwa vya habari vya namna hiyo ndivyo ndugu zangu walivyovisoma, nadhani na mwandishi wenu pia, wakaishia hapo.

Wasomaji wenu wengi watakuwa wamesikia jina la Oscar Tshiebwe. Kijana wa Lubumbashi aliyechezea Kentucky. Mjini hapa Wakongo ni wengi, Kiswahili unakisikia dukani, kanisani, kwenye kituo cha basi, na msimu ule wa 2021 kwenda 2022 hata mabibi ambao hawajui mpira una pembe au ni duara walijua Oscar anacheza lini. Alikuwa akipata wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi, yaani mipira anayoidaka baada ya mtu kurusha na kukosa. Akazoa tuzo zote kubwa za mchezaji bora wa nchi. Ukumbi huu, ukumbi huu ninaoufagia, ulikuwa ukitetemeka akishika mpira chini ya kikapu.

Sheria mpya ilikuwa imeshapita. Wenzake waliozaliwa hapa wakawa wanasaini mikataba. Yeye alikuwa na visa ya mwanafunzi, ile ya F-1, na mwenye F-1 haruhusiwi kujifanyia kazi anavyotaka. Anaweza kufanya kazi ndani ya chuo, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na zaidi ya hapo mpaka kibali. Kupiga tangazo la magari ni kazi. Akikosea, hafungiwi mechi mbili, anapoteza uhalali wa kukaa nchini. Agosti 2022 Kentucky ilikwenda Bahamas kucheza mechi za kirafiki, na huko, nje ya ardhi ya Marekani, ndiko alikofanya shughuli zake za mikataba. Mchezaji bora wa Marekani ilibidi avuke bahari ndipo auze jina lake mwenyewe. Mimi mwenye ufagio, kwa kuwa karatasi zangu zinaniruhusu, nililipwa kila wiki kwa kuokota vikombe kwenye ukumbi aliokuwa akiujaza yeye.

Wala hakuwa peke yake. Mwaka uliofuata mchezaji bora alikuwa Zach Edey wa Purdue, raia wa Kanada, na mwaka 2024 akawa yeye tena. Miaka mitatu mfululizo aliye bora kuliko wote alikuwa mgeni anayesoma kwa visa. Hizi fedha mpya za mwaka 2025 nazo, kama zinaweza kuingia mfukoni mwa mwenye F-1 bila kumharibia visa, ni jambo ambalo mawakili wa uhamiaji bado wanavutana, na vyuo vinakwenda kwa uoga.

Kwa haki, ufadhili wa masomo si kitu kidogo. Ada, chumba, chakula, vitabu. Hapa nawaona wanafunzi wa kawaida wanaomaliza chuo na deni la kuwafuata mpaka wazae. Kijana akija akasoma akapata shahada yake, hata asipoonekana kwenye televisheni, amepata. Nami sitamzuia mtoto wa mtu. Ninachokataa ni kumpa mzazi picha ya ukumbi uliojaa asubuhi akadhani ndiyo maisha yanayomsubiri mwanawe. Timu za wanaume za daraja la kwanza ni zaidi ya 350. Meza ile ya ESPN inazunguka kwenye vyuo vichache vya Jumamosi chache, na majina yanajirudia: Duke, North Carolina, Kansas, Kentucky. Wengi wa vijana wetu wanaochukuliwa wanaishia kwenye vyuo ambavyo hakuna lori la televisheni litakalopotea njia likafika, wanacheza mbele ya viti vitupu na wazazi wa wenzao.

Na wenye mabinti warefu, mbona hamniandikii? Kipindi hiki hiki kilikwenda kwenye mechi ya wanawake kwa mara ya kwanza Januari 2010, Storrs, Connecticut, UConn wakicheza na Notre Dame. Mwaka 2024 fainali ya wanawake, South Carolina ya kocha Dawn Staley dhidi ya Iowa ya Caitlin Clark, ilitazamwa na wastani wa watu milioni 18.9. Ya wanaume mwaka huo huo, milioni 14.8. Wajomba wote wananitumia vipimo vya wavulana tu.

Ombi langu kwa dawati la michezo ni dogo. Safari nyingine mkiandika kwamba kijana fulani amepata nafasi ya kucheza kikapu kwenye chuo cha Marekani, mwandishi wenu amuulize anakwenda na visa gani. Amuulize kama ufadhili umeandikwa kwa mwaka mmoja au kwa miaka yote ya masomo, maana kuna mikataba ya aina zote mbili, na wa mwaka mmoja unaweza usirudiwe kocha akibadilika. Goti likivunjika, nani analipa hospitali, na kwa muda gani? Kama kuna mtu wa kati aliyemtafutia, anachukua nini, na je, karatasi hiyo mzazi ameisoma au amesomewa? Majibu hayo yachapwe juu kabisa ya habari. Jina la chuo na rangi ya jezi vinaweza kusubiri aya ya mwisho.

Msomaji wenu,
Lexington, Kentucky, Marekani